Raheli Akataa Kumuuzia Mwanawe Shamba la Kaka Yake

Wachimbaji wa zamani wa Sekenke bado wanamkumbuka Raheli kwa ukali. Miaka kumi na minne aliwapikia ugali na maharage pembeni mwa mashimo ya dhahabu, na aliyemshika mkono bila ruhusa alionja mwiko uliotoka sufuriani. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto watatu waliofiwa na baba. Nguvu zilipopungua akarudi Kiomboi, akapanga chumba, akawa analima alizeti kwenye mashamba ya kukodi.

Shamba la baba yake lilikuwepo, ekari sita za udongo mzuri. Mzee alipofariki, ukoo ulilikabidhi lote kwa kaka yake, Hosea. Raheli aliuliza, "Na mimi?" Wakamjibu kwamba mwanamke ataolewa. Siku hiyo alikuwa ameshaolewa na ameshafiwa na mume, na wote waliokaa pale walijua.

Hosea alifundisha shule mpaka akastaafu. Miguu ilipomlegea akahamia Kilimatinde kwa binti yake, Eliza. Mwaka jana akaamua kuliuza shamba, na kwa kuwa safari ilimshinda, alimwandikia dada yake hati ya uwakilishi: amtafutie mnunuzi, asaini kwa niaba yake, ampelekee fedha. Hakumwomba. Eliza alileta karatasi ikiwa na saini na muhuri tayari.

Siku hiyohiyo Enock, mtoto mkubwa wa Raheli, alifika akiwa na mzee Urbano, mdogo wa marehemu baba yao Raheli na Hosea.

"Mama, shamba limerudi mikononi mwako," Enock alisema. "Niuzie mimi. Tuandike bei ndogo, mjomba yuko mbali, atajuaje?"

"Nusu ilikuwa haki yako," Urbano akaongeza. "Nani atakulaumu?"

"Baba mdogo, siku ile ulikuwa umekaa pale, ukanyamaza," Raheli alimjibu. "Haki yangu umeiona leo?"

Hata hivyo maneno yale yalimwingia. Kesho yake alikwenda shambani peke yake, akalizunguka lote kwa miguu. Alilitaka kweli. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa wakili Magreth, mwanamke kijana mwenye ofisi karibu na stendi.

Magreth aliisoma hati mara mbili. "Mama, hii inakuruhusu kuuza kwa faida ya kaka yako. Ukimuuzia mwanao kwa bei ya chini, unakuwa umesimama pande zote mbili, ya muuzaji na ya mnunuzi. Hairuhusiwi, labda mwenyewe ajue mnunuzi ni nani na bei ni ipi, akubali kwa maandishi. La sivyo, mauzo yanaweza kufutwa na wewe ukashtakiwa."

Jumapili Enock alikuja na mkataba uliochapwa. Raheli aliusukuma pembeni.

"Unamlinda mtu aliyekudhulumu!" Enock alipaza sauti.

"Simlindi. Hosea alinidhulumu mchana, watu wakiona. Mimi nikilichukua, nitalichukua mchana vilevile. Wakikuuliza ulilipataje, utasema mama yako aliiba?"

Enock aliondoka bila kuaga. Wiki tatu hakukanyaga pale, na kanisani wanawake walianza kunong'ona kwamba Raheli amekataa riziki ya mtoto wake. Aliwasikia. Akaendelea kuimba, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Kisha akapanda basi la Singida, akabadilisha magari mpaka Manyoni, akapanda kilima cha Kilimatinde. Alimkuta Hosea kibarazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umepata mnunuzi?"

"Nimempata. Mwalimu Manase, anatoa bei kamili. Lakini kabla ya hapo kuna jambo." Akaiweka hati magotini pa Hosea. "Kwa ajili ya karatasi hii nimemkatalia mtoto niliyemzaa. Nimekutunzia mali yako. Sasa nadai yangu. Nipe ekari tatu za baba, uniandikie wewe mwenyewe. Zako tatu nitamuuzia Manase bila kukupunja hata senti. Hutaki, chukua hati yako."

"Wazee waliamua, Raheli."

"Wewe uliyepokea upo, na mimi niliyenyimwa nipo. Tuamue sisi."

"Unanitisha?"

"Nakudai."

Hosea akageuza uso. Eliza alikuwa amesimama mlangoni na chai. Raheli alimshukuru, hakuinywa. Aliondoka, hati akaiacha palepale magotini.

Baadaye Eliza alimsimulia yaliyofuata. Hosea alitaka kumpa hati mzee Urbano. Eliza akamuuliza, "Baba, shangazi alimkatalia Enock. Babu Urbano atawakatalia wanawe?" Siku mbili baadaye Hosea aliikunja hati, akaifungia sandukuni.

Baada ya mavuno Hosea alikuja mwenyewe, amebebwa kwenye gari la mkwewe mpaka ofisi ya kijiji. Mbele ya mtendaji na mashahidi akasema, "Dada yangu nampa ekari mbili."

"Tatu," alisema Raheli.

"Mbili zinakutosha."

"Sikuuliza zinazonitosha. Ni tatu."

Mtendaji alishikilia kalamu hewani. Hosea alimtazama dada yake kama mwalimu aliyekutana na mwanafunzi asiyeketi chini. "Andika tatu," akasema.

Zile nyingine alimuuzia Manase kwa saini yake mwenyewe, siku hiyohiyo, na watu wakasikia bei.

Enock alichelewa kutuliza moyo. Mvua za kwanza zilipoanza, alitokea shambani na jembe begani, akamsalimia mama yake kwa mbali, akauliza aanzie wapi. Raheli akamwonyesha upande wa bondeni, akamwambia apande mtama, na asivuke mpaka wa Manase hata kwa hatua moja.