Mhusika Bapa wa Mjimwema

"Mama Natalia, hivi unajua kwamba siku ya wazazi tutasomewa habari zako shuleni?"

Biasha aliuliza hivyo bombani, wakisubiri maji, kwa utani wake wa kila siku. Alikuwa mwenyeji wa Tunduru, muuza mitumba, na binti yake Sabra alisoma kidato cha pili pamoja na Natalia katika ile sekondari mpya ya watu binafsi. Walburga alicheka kidogo, akaiacha ndoo kwenye foleni, akarudi nyumbani haraka.

Tangu ahamie Mjimwema hakuna aliyewahi kumchokonoa kuhusu Osmund, mumewe aliyebaki Mbinga na kahawa yake. Kwenye jumuiya ya kanisani walimheshimu. Ndiye aliyeanzisha rozari. Sasa aliziona nyuso zao zikimgeukia, akamwomba Mama Maria amsitiri.

Natalia alipotoka shule hakuficha kitu. Mwalimu Ramson alitaka kila mmoja alete kisa cha kwao, kisha aonyeshe wahusika, mandhari, mgogoro, kilele na dhamira. Chake kikapendwa kuliko vyote.

"Jina nimebadilisha, mama. Mwanamke anaitwa Tabu."

"Na hiyo mandhari ndiyo nini?"

"Mahali na wakati mambo yanapotokea."

"Umeandika wapi?"

"Mbinga. Wakati wa masika."

Mwanamke wa Mbinga, masika, na bila shaka mtoto mgongoni. Nani pale mtaani asingemtambua? Walburga akamwambia mtoto amsomee.

Natalia akasoma. Tabu alipigwa, akavumilia, akapigwa tena. Penye kilele, pale mgogoro unapopanda hadi juu kabisa, mume alimtupia nguo zake nje kwenye matope, akafunga mlango. Baada ya hapo ukafuata uchambuzi: Tabu ni mhusika bapa, habadiliki; mwanzo hadi mwisho yeye ni wa kutendewa tu.

"Nani alikuambia nilitupiwa nguo?"

"Shangazi."

Walburga aliendelea kuchambua maharage, mengine mazima akayatupa pamoja na mabovu bila kujua.

Kesho yake, baada ya misa ya asubuhi, alikwenda shuleni. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba kile kisa kifutwe. Mwalimu Ramson, kijana wa Bukoba, alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Walburga alikaa ukingoni, akisokota pindo la kitenge, na yale maneno yakamkwama. Mwalimu akaelewa mwenyewe. Akasema kisa ni cha familia, mwenye nacho akikataa hakisomwi, na wala Natalia hatapunguziwa alama. Angesoma mwanafunzi mwingine.

"Tukitoe, mama?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Aliwafikiria wanajumuiya, akamfikiria Biasha na utani wake. Kisha akamfikiria Natalia, ambaye kisomwe kisisomwe angekua akiamini kwamba mama yake alimwagwa nje kama majivu, na kwamba hivyo ndivyo wanawake walivyo. Hilo lilimtisha zaidi.

Akasema:

"Kisomwe tu, mwalimu. Ila naomba mtoto aandike kwamba hakuna aliyenifukuza. Nilifunga mzigo mwenyewe, mchana, baba yake akiwa ananitazama."