Herufi Chini ya Picha ya Mtoto

Siku zile baada ya kujifungua niliishi nusu usingizini. Ukungu uliingia kwetu Ruring'u, chini ya Mlima Kenya, alfajiri na kukaa mpaka saa nne, mama yangu akinilisha njahi, yale maharagwe meusi ya waliojifungua, nami sikujua vyema kama nimeamka au naota. Jambo moja nililijua: mtoto alikuwa na jina tayari. Kwa mila yetu binti wa kwanza ni mama wa baba yake. Hachukui jina tu. Ndiye yeye, amezaliwa tena.

Na nyanya huyo alikuwa Nepal, kitandani, akififia. Mume wangu, Mnewari, mtu wa kabila moja la huko, aliyekuja kupanda Mlima Kenya akanasa kwangu, alisema mama yake hasikii tena, na macho yake yanaona vitu vikubwa tu. Nilitaka ajue kwamba amezaliwa tena, kabla hajaenda. Nilitaka mpaka kifua kikaniuma.

Ndipo mume wangu akakumbuka herufi. Mama yake alitia alama vitu vyake vyote, chini ya sufuria za shaba, kwenye pembe za mito, kwa herufi ya kwanza ya jina lake katika mwandiko wa kale wa Wanewari, ambao hata kwao wengi hawausomi siku hizi. Alama hiyo ilisema: huyu ni mimi, hiki ni changu. Mume wangu aliweza kuitambua, kuiandika hakuweza. Nilijaribu mimi kwa kalamu, ikatoka kama mahali kuku amepekua.

Basi nikatia kwenye kompyuta fonti, yaani maumbo ya herufi za mwandiko huo, nikaitafuta herufi yake huku nanyonyesha. Ikatokea, nyeusi, imejipinda, nzuri ajabu. Nikaiandika chini ya picha ya mtoto, nikamtumia wifi yangu aliyekuwa akimuuguza.

Wifi akajibu kwamba mama yao ameitazama picha kidogo, akageukia ukutani. Kwenye simu yake herufi haikuonekana. Palikuwa na kisanduku kitupu.

"Ati sanduku?" mama yangu akashangaa, mwiko mkononi. "Kwani mnamtumia mgonjwa jeneza?"

Nilicheka, kisha nikalia, maana mzazi machozi yake yako karibu. Hayajakauka, nikatanabahi: simu ile haina fonti, lakini picha haihitaji fonti. Nikaikuza herufi mpaka ikajaa kioo cha kompyuta, nikamlaza mtoto mbele yake, nikawapiga picha pamoja. Nikatuma, nikasinzia.

Niliamshwa na simu ya video. Mama mkwe alikuwa amekalishwa, mito nyuma yake. Wifi alisema ameipapasa ile herufi kwa kidole, akataka kuongea nasi mara moja. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zote, naye hakusikia. Alimtazama tu, muda mrefu. Kisha akasema maneno machache, na mume wangu akafunika uso.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema huko mlimani kuna baridi." Akavuta blanketi la mtoto. "Anasema, nifunikeni."