Tulipopukuchua Maswali Jikoni kwa Nyanya

Rafiki yangu, nimerudi nyumbani Malava, na sikurudi mikono mitupu. Nina diploma ya uhandisi wa mitambo. Nina karakana yangu kando ya barabara, natengeneza pampu za maji na trela za kubebea miwa, na nyumba ninayolala nimeijenga kwa jasho langu mwenyewe. Mtu akiniuliza elimu yangu niliipata wapi, humtajia chuo changu kwanza, na humtajia kwa sauti.

Lakini juzi jioni nilimkuta mpwa wangu, binti wa dada yangu, amejikunja kwenye kochi akifanya maswali ya sayansi kwenye simu niliyomnunulia. Anabonyeza, simu inalia kama kengele ndogo, anabonyeza tena. Nikamuuliza swali hilo jibu lake ni nini.

“Ni C, anko.”

“C ni nini?”

Akainua mabega. “Si simu imesema niko sawa?”

Sikumlaumu. Nilisimama pale sebuleni kwangu penye vigae, nikasikia jinsi boma zima lilivyo kimya saa moja ya jioni, na moyo wangu ukaniuma.

Wakati wetu, saa hiyo ungetusikia kutoka barabarani. Jiko la nyanya, kukhu kama tunavyomwita kwetu, lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, cheusi kwa moshi ndani hadi kwenye paa. Baada ya mavuno, mahindi yakishakauka vizuri, alikuwa akiyamwaga sakafuni na sisi watoto wa ujirani wote tunayazunguka. Tulipukuchua kwa mkono. Unatoboa mstari wa kwanza kwa kidole gumba, kisha unasukuma mingine iuangukie, na punje zinalia ndani ya karai kama mvua ya kwanza kwenye mabati. Magunzi tuliyatupa motoni. Chunguni kulikuwa na viazi vitamu, na chai yetu ilitiwa sukari guru, ile nyeusi ya huku kwetu yenye harufu ya miwa iliyoungua.

Karibu na taa alikaa msichana wa jirani, ambaye wakati huo alikuwa sekondari. Yeye ndiye aliyetusomea maswali kutoka kwenye karatasi za mitihani ya zamani: sayansi, hesabu, Kiingereza. Sheria ilikuwa ya nyanya. Ukijibu vizuri, unapumzika. Ukikosa, unaongezewa hindi moja. Huwezi kuamini jinsi mtoto anavyokumbuka kazi za figo akiona hindi gumu linamsubiri.

Mimi nilipumzika sana. Nasema hivyo bila aibu, nilikuwa mkali. Wenzangu walinichukia kwa mzaha. “Huyu amelala na kamusi kichwani,” mmoja alikuwa akisema, na mwingine anamjibu, “Hapana, ameimeza. Ndio maana tumbo limetoka.” Nyanya naye alikuwa akinishika kidole gumba, akikigeuza mbele ya moto na kuwaonyesha wote. “Tazameni. Kidole cha karani. Huyu nikimwachia shamba atakula nyasi.”

Lakini kujibu peke yake hakukutosha. Msichana wa jirani akisema jibu ni sahihi, nyanya aliinua mkono. “Ngojeni. Sasa niambie mimi.” Hapo ndipo jasho lilipotoka. Nyanya hakusoma Kiingereza, na ilibidi umweleze kwa lugha ya nyumbani, kwa vitu anavyovijua. Mvuke niliueleza kwa kifuniko cha chungu chake. Sehemu za hesabu, nusu na robo, tulizieleza kwa kukata kiazi, na aliyekata vibaya alipigiwa kelele na wote waliokuwa na njaa. Siku moja niliambiwa nieleze kwa nini chuma hupanuka kikipata moto. Nikahangaika mpaka chai ikapoa. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Wewe unarukanga pale katikati. Rudi pale katikati.” Nikarudi. Nilipomaliza, nililielewa jambo lile kuliko mwalimu wangu alivyowahi kulielewa, na hadi leo nikipasha bomba moto karakanani huwa siruki pale katikati.

Majirani wengine walitia mahindi yao kwenye gunia, wakayapiga kwa fimbo, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Nilimwuliza nyanya kwa nini sisi hatupigi. Akaniambia punje iliyopigwa huvunjika, na iliyovunjika wadudu huipenda. Nikamwamini. Hata nilipokuwa mtu mzima, nilikuwa nikiwasimulia wenzangu chuoni jinsi nyanya yangu alivyokuwa mjanja: aliwapata wafanyakazi wa bure kwa kisingizio cha masomo. Tulicheka sana.

Basi mwaka jana nikaja na zawadi zangu. Ukiwa umefanikiwa lazima watu wa nyumbani waone. Nilileta mashine ya kupukuchua niliyoiunda mwenyewe, kila nati. Mpwa wangu nikamnunulia simu yenye maswali ya masomo yote na majibu yake, na watoto wa jirani nikawaonyesha wazazi wao jinsi ya kuwawekea maswali hayohayo. Mashine ikanguruma uani, wanaume wakaja kutazama, na mahindi ya nyanya ya msimu mzima yakaisha kabla jua halijawa kali. Nilipigiwa makofi. Nyanya naye alipiga.

Baadaye niliinama kwenye gunia nikachota punje. Nyingi zilikuwa zimevunjika. Mashine yangu ilihitaji kurekebishwa, sikatai. Nikamwonyesha nyanya, nikimwahidi dawa ya wadudu.

“Ziache tu,” akasema. “Zilizovunjika hupikika haraka.”

Alisema hivyo akitazama pembeni, na hapo nikaelewa. Hakuwahi kujali punje kuvunjika. Angeweza kuyapiga mahindi yake asubuhi moja kama wengine, akalala mapema. Alichagua njia ndefu kwa sababu watoto hawakai mahali bure. Lazima mikono iwe na kazi ndipo masikio yafunguke. Mahindi ndiyo yaliyokuwa kisingizio, ili atupatie shule. Mimi, msomi wa boma, nililiona hilo siku niliyolimaliza.

Msimu huu nilijaribu kuzirudisha jioni zile. Nilimwambia nyanya mashine imeharibika, nikawaita watoto. Walikuja, wana adabu, wakasalimu. Lakini swali likisomwa, mmoja alilitafuta simuni kabla halijaisha, akalisoma jibu, na wengine wakakubali. Nyanya aliinua mkono, “Sasa niambie mimi,” na yule mtoto akamgeuzia simu ili ajisomee. Hakuna aliyecheka. Baada ya muda kidogo nyanya akasema, kwa upole, “Nendeni mkasome, wanangu. Mtachelewa.” Nilipomwomba msamaha, alinipapasa bega. “Umeniletea raha. Ni mimi tu sijui kuikalia.”

Sijaacha kujivunia nilichokipata. Wala simchukii mpwa wangu na simu yake; alama zake ni nzuri. Lakini hana mtu wa kumwambia, “Sasa niambie mimi,” na mimi ndiye niliyemwondolea.

Jana nilitoka karakanani giza likianza kuingia, nikaenda kwa nyanya na viazi vitamu nilivyonunua njiani. Jiko lilikuwa limefungwa. Nikagonga dirisha la chumba chake. Alikuwa tayari amelala.

“Nani huyo?”

“Ni mimi, kukhu.”

Kitanda kikalia. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka, asiyezoea tena kugongewa jioni, “Kuna shida gani?”