Kocha wa Watoto wa Wenyewe

Siku yangu ya kwanza ya ukocha nilikuwa na funguo za basi mfukoni. Nilikuwa dereva wa shule moja ya sekondari huko Malaz, Riyadh, na mwalimu wa michezo alikuwa ameacha kazi ghafla. Mudiri, yaani mkuu wa shule, alikuwa amesikia kwamba nilicheza mieleka nyumbani Bungoma. Akanionyesha mkeka uliokunjwa pembeni, akasema, "Yalla, wafundishe mpaka tupate mwalimu." Mwalimu hakupatikana. Kwenye ikama, kile kibali cha kuishi, niliendelea kuandikwa dereva hadi nilipostaafu, na asubuhi basi nililiendesha vilevile.

Nyinyi vijana mnaotazama mieleka ya kurushiana viti, hiyo sahauni. Yetu ni kumwangusha mwenzako na kumbana mpaka mabega yote mawili yaguse mkeka. Nilianza na daraja: ukiangushwa chali, unajiinua kwa kichwa na nyayo, mgongo unaupinda juu, mabega yasiguse chini. Walilalamika shingo zinauma. Niliwaambia shingo ya kulalia tu mimi sina kazi nayo.

Walikuwa Wasudani, Wapakistani, Wamisri na Wasaudi, na Kiarabu changu kilikuwa cha dukani. Basi nikawapa amri kwa Kiswahili. "Shuka", maana yake ingia miguuni. "Geuza". "Bana". Wakazishika upesi, na kumbe makocha wengine hawakuambulia kitu, ilhali mimi nilikuwa nawasikia wao. Tukashinda Riyadh mwaka baada ya mwaka. Mudiri aliyefuata akaacha kuniita dereva mbele ya wageni, nami nikavimba kichwa, sikatai.

Mke wangu Nekesa alikuwa Jeddah, kazi za ndani, analala hukohuko kwa madam wake. Mwana wetu Wafula tulimwacha kwa mama yangu kabla hajaanza kutembea. Tulisema tutarudi nyumba tunayoijenga ikiisha. Nyumba ikaisha, tukapata sababu nyingine.

Halafu fainali moja ikapangiwa Jeddah. Nilifurahi mara mbili, kwa kombe na kwa Nekesa, maana madam alikuwa anakuja naye kumtazama mwanawe, Faisal. Kumbe huyo Faisal ndiye aliyepangwa kupambana na kijana wangu Bilal.

Nikaita, "Shuka!" Faisal akarudisha miguu nyuma kabla Bilal hajainama. Nikaita, "Geuza kushoto!" Akakaza kushoto. Nikasema moyoni, huyu ana bahati. Mwishowe Bilal akamwangusha chali, Faisal akapanda daraja, shingo inatetemeka, nami nikaliona kombe letu. Hapo nikasikia sauti kutoka jukwaani, sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Kaza, baba! Usilale, mwanangu, kaza!"

Akakaza. Akajipindua, akamlaza Bilal mabega chini. Halas, imekwisha.

Nje, Nekesa alikuwa amembebea viatu na maji. Faisal akanipa mkono, akasema kwa lafudhi yetu kabisa ya Bungoma, "Pole, baba. Mama huniambia habari zako." Alipoondoka nikamuuliza mke wangu alikuwa anamshangilia nani.

"Nimemlea tangu ananyonya," akasema. "Ulitaka nimshangilie nani?"

Nilirudi Riyadh nimekaa kiti cha mbele ndani ya basi, vijana wakidhani nimenuna kwa sababu ya kombe.

Nilistaafu kwa keki na picha. Vikombe vilibaki shuleni, na ni sawa, ni vyao. Wengi niliowafundisha ni baba za watu sasa, na nikisikia wanavyosifiwa nafurahi. Lakini inaniuma. Shingo zote zile nilizozikaza, hakuna hata moja iliyokuwa ya mwanangu. Mimi na Nekesa tulipofika Bungoma tulimkuta Wafula ana ndevu, ana kazi yake, mpole, ana heshima tele. Anayemwita mama ni bibi yake, yule aliyemlea. Siku moja nilimwambia twende uani nimfundishe daraja. Alicheka, akasema anachelewa kazini, mzee, siku nyingine.

Faisal hupiga simu kila Ijumaa. Juzi iliita Nekesa akiwa jikoni, Wafula akaipokea, akasikiliza kidogo, akampelekea kwa mikono miwili.

"Anti," akamwambia, "mtoto wako anakutafuta."