Mkanda Aliouchagua Wafula

Jamani, leo nimemwaga chai yote mbele ya mama mkwe, na si chai inayoniliza.

Mnajua unyayo wangu wa kulia hauinuki, unaburutika tu. Wiki jana mimi na Wafula wangu (mume wangu! bado nalipenda hilo neno) tulienda Kitale kutafuta mkanda laini wa kuuinua nikitembea.

Fundi alituonyesha miwili. Mmoja unavaliwa hata bila kiatu, lakini unaonekana. Wa pili unashikishwa kwenye kamba za kiatu, na sketi ndefu inauficha.

"Chukua huu wa pili, mpenzi," Wafula akasema. "Utapendeza."

Nikayeyuka, bana.

Leo tumekuja kwao Bungoma, mara ya kwanza tangu harusi. Kutoka barabarani nilitembea vizuri, amenishika mkono.

Kufika mlangoni, viatu vyote viko nje. Kwao hakuna anayeingia na viatu. Wafula amekulia hapa, alijua.

Nikavua. Mkanda ukabaki na kiatu.

Nikapewa trei ya chai niwapelekee wageni. Hatua ya tatu, vidole vikanasa kwenye zulia.

Mama mkwe ndiye aliyeniinua. "Pole, mwanangu." Kisha akamgeukia mwanawe: "Wewe Wafula, si ulituambia alipona?"

Mume wangu akainama kuokota vikombe.

Nimekaa hapa nje, viatu nimevaa, kamba nimefunga. Ananiita ndani tukale.

Wenye ndoa, niambieni. Niingie na viatu?