Limau kwenye Shimo la Jino

Mdogo wetu wa mwisho alianza kutafunia upande mmoja wakati wa kupalilia mtama. Kila alipokunywa uji aliinamisha kichwa, kama kuku anayesikiliza kitu ardhini. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Baba na mama walikuwa wamefariki, na mimi, mtoto wao mkubwa, niliacha shule darasa la tano nibaki na wadogo zangu wawili katika nyumba tuliyopewa kwenye kijiji cha ujamaa. Baba mkubwa alikaa Nyanungu. Tangu matanga alisema kijana wa kiume hawezi kulea mtoto wa kike, na kwamba akisikia yule mdogo anaumwa atakuja kumchukua. Kwa hiyo mtoto alipokohoa tu, mimi nilitazama njia ya Nyanungu.

Shavu likavimba. Mama jirani, aliyetusaidia sana, akamfungua mdomo, akaona gego lenye shimo jeusi.

"Ni mdudu," akasema. "Mtege kwa kitu kitamu. Akitoka kula, mchome na limau."

Sukari haikuwepo kwenye duka la kijiji, lakini sukari guru ilipatikana, na ndiyo tuliyotia kwenye uji siku zote. Nikabandika kipande kwenye shimo, nikangoja, kisha nikakamua limau. Mtoto alilia hadi mdogo wangu wa kati akakimbilia nje. Nikarudia kesho yake na keshokutwa, nikichungulia mate yake nimwone mdudu. Nilidhani kilio kile ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Homa ilipopanda nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka, wakaniita mura, yaani kijana.

"Mura, mbeleko umefundishwa na nani?"

"Mwacheni kijana wa watu. Atakuja kutubebea na wetu."

Sikucheka. Nilihofu asije mmoja wao akawa na ndugu Nyanungu.

Mganga alisikiliza habari ya limau, akaweka koleo chini.

"Umeliona shati la dereva wa trekta letu?"

Nilikuwa nimeliona. Tindikali ya betri ilikuwa imelitoboatoboa.

"Mdomoni mna vijidudu ambavyo huwezi kuviona. Vinakula sukari, vinatoa tindikali. Si kali kama ya betri, lakini jino linashinda nayo na kulala nayo. Wewe umevilisha, halafu ukaongeza uchachu wa limau."

"Sasa mdudu hatatoka?"

"Litatoka jino."

Nilimshika kichwa likang'olewa. Mganga alisema ni jino la utoto, jingine litaota, ila meno yaliyo jirani nalo yameanza kulainika. Uji bila sukari guru. Kusukutua kwa maji baada ya kula. Mswaki wa mti asubuhi na jioni.

Baba mkubwa alifika shavu likiwa bado na uvimbe. Nani alimwambia, sijui. Alimpanua mtoto mdomo kama anayekagua ndama.

"Jino liko wapi?"

"Shikamoo, baba. Limeng'olewa."

"Mmeshaanza kumpunguza."

Nikamweleza yote. Alionja uji, akakunja uso. "Huu mbona hauna kitu?"

"Ndiyo dawa yake."

Akanirudishia uji. "Nitarudi tukishavuna. Nikikuta pengo jingine, anakuja kwangu, na hutasema neno."

Toka hapo, kila asubuhi nilimgeuza mtoto aelekee jua, nikamkagua. Alichoka nami. "Jana uliyaona," alisema, "ni yale yale." Niliyatazama hivyo hivyo.

Mtama ukiwa umeanikwa, alinijia na kiganja kimefumbwa. Ndani mlikuwa na jino la mbele. Niligeuza lile jino juani: jeupe, bila doa. Lilikuwa limeanguka lenyewe. Lakini baba mkubwa alikuwa amesema pengo, na hili lilikuwa pengo.

Alikuja wiki ile ile. Mtoto alipotabasamu, aliliona pengo. Hakuniuliza mimi. Alimwita, akapitisha kidole pale mbele, akakitoa, akakirudisha taratibu.

"Kuna ncha," akasema. "Lingine linakuja."

"Ndiyo, baba."

Akaangalia magego, upande huu na upande ule, hadi mtoto akaanza kutokwa na udenda. Kisha akajifuta kidole kwenye koti, akaomba uji, akaunywa wote, akarudi Nyanungu peke yake.