Choo Alichokiogopa Mzee Geresom

Siraje Isa, ambaye Nakaloke nzima ilimwita Bwana Afya, alizeeka akimshukuru mwanamke mmoja aliyesema naye kwa kumpa mgongo. Kila alipomaliza kuswali alimwombea, na mkewe Hasifa, ambaye hakuwa na wivu wa bure, aliitikia amina.

Siraje alikulia Mpumudde, pale Jinja, kwenye nyumba za kupanga ambako mstari mzima wa wapangaji ulikuwa na choo kimoja. Asubuhi walipanga foleni na makopo yao ya maji, wakasalimiana, wakasengenyana, kila mtu akangoja zamu yake. Kwa hiyo aliamini kwamba choo ni choo tu, mwenye haja ataingia. Hata chuo cha afya hakikumtoa kichwani imani hiyo.

Serikali ya wanajeshi ilipotoa amri kwamba kila boma liwe na choo, alikuwa amekwisha kuhamishiwa Mbale, akapewa kusimamia afya ya watu wa Nakaloke, nje kidogo ya mji. Tuseme ukweli, amri yenyewe haikuwa mbaya. Kipindupindu kilikuwa kimewatisha watu. Ubaya ni kwamba ilitembea na bunduki. Asiye na choo alipelekwa kambini, na waliopelekwa huko si wote waliorudi. Nakaloke ikachimba kwa pupa, mpaka kila boma likawa na kibanda chake cha nyasi. Bwana Afya akapeleka habari njema Mbale, wakubwa wakafurahi, yeye mwenyewe akatembea kifua mbele.

Lakini watoto waliendelea kuhara, na wengine walizikwa. Jambo hilo lilimkosesha raha. Sheria imetiiwa, ugonjwa uko palepale, sasa kosa liko wapi? Akaomba ruhusa ya kukagua upya. Akapewa, pamoja na askari wa kumsindikiza, Afande Muzamiru, ambaye hata salamu yake ilikuwa kama amri.

Kwa Mzee Geresom walikuta choo kisafi kuliko majiko ya watu wengi. Ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

"Mzee, wewe nacheza na serikali?" Muzamiru alifoka.

"Afande, choo iko. Mimi mwenyewe nalichimba."

"Mimi nauliza, nani natumia?"

Mzee Geresom aliinamisha kichwa. Kando ya jiko alisimama Nambozo, mke wa mwanawe, uso kaugeuzia upande wa pili. Jasho lilimtoka mzee, lakini mdomo haukufunguka. Muzamiru akamkamata mkono, akaanza kumvuta kuelekea kwenye gari la jeshi. Siraje alijilaumu. Mzee huyu akienda kambini, aliyemleta askari hapa ni nani kama si yeye?

"Bwana Afya, kuja hapa." Ilikuwa sauti ya Nambozo, sasa nyuma ya jiko. Alimpa Siraje mgongo, akasema na ukuta. "Mimi ni bibi ya mtoto yake. Kwetu, mimi hapana weza kaa pale baba mkwe nakaa. Yeye naona haya, mimi naona haya. Choo ni moja, basi sisi wote naenda kwa migomba. Yeye hapana sema hii maneno mbele yangu, hata mukimuua."

Miezi yote ile Siraje amehesabu mashimo, wala hakuuliza hata siku moja nani anaingia ndani. Alitaka kumshukuru, lakini dereva wa jeshi alikuwa ameshawasha gari. Akakimbia.

"Afande, mwache!" Alizungumza haraka, ulimi ukimgongana na meno. Alieleza habari ya mkwe na haya zake. "Huyu hakuidharau amri. Amri ndiyo haikumjua. Anahitaji choo cha pili, hahitaji kambi."

Siraje alidhani sasa watapelekwa wote wawili. Kisha vidole vya askari vililegea, kimoja kimoja, mkono wa mzee ukaachiwa.

"Mama mkwe yangu nakaa kwangu tangu bibi yangu nazaa," alisema, na ile sauti ya amri haikuwapo tena. "Choo yangu ni moja tu." Akamgeukia Siraje. "Mtoto nahara, Bwana Afya. Kila siku nahara. Mimi nafikiri ni maziwa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Geresom, mkono ukiwa bado unamuuma, aliingia nyumbani mwake, akatoka na jembe.

"Chukua, afande," alisema. "Chimba ya kwako kwanza. Mtoto hapana ngoja."

Muzamiru alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Miaka yote ile ya utawala wa wanajeshi, Siraje hakuwa amewahi kumsikia mwanajeshi akimwambia raia asante.